Baba Kulwa, Bomba Nimelikata

Mpendwa Baba Kulwa,

Nimelikata. Naanza na hilo kabla ya salamu maana nakujua: ungeirukia barua hadi chini kutafuta habari za gari, kisha ndiyo urudi juu kuuliza kama watoto hawajambo. Watoto hawajambo. Mpunga umetoka vizuri. Na lile bomba la chuma lililoificha propela ya pikapu yako karibu miaka yote ya ndoa yetu, nimelikata vipande viwili kwa grenda, mchana kweupe, mbele ya nyumba yako.

Barua hii naiacha wazi. Mtu yeyote wa hapa Tinde anayetaka kuisoma na aisome. Maneno yaliyosemwa juu yangu tangu tukuzike nayo yalisemwa wazi.

Nakumbuka ulivyokuja nayo. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, wewe dereva wa misheni, na yule mzungu mzee aliyekuwa anarudi kwao akakuachia pikapu yake ya Kimarekani. Ilikuwa kuukuu hata siku hizo, pua yake ya mviringo, kijani chake kimepauka kama kisamvu kilichoanikwa. Ulizima injini mbele ya mlango, usishuke. Ulikaa tu, mikono juu ya usukani, unanitazama kupitia kioo na kucheka peke yako. Mama yako akatoka jikoni akauliza, "Ni la nani hilo?" Ukamjibu, "Letu." Neno hilo nililitunza, Baba Kulwa. Hukusema langu.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa spana. Wewe ulilala chini, miguu yako tu ndiyo ilionekana, halafu mkono ungechomoza umejaa grisi na sauti ikatoka uvunguni: "Nusu!" Nakupa. "Tisa kwa kumi na sita!" Nakupa. Gari la Kimarekani halijui milimita. Sikumaliza darasa la saba, unajua sababu, lakini hesabu za sehemu nilizisoma kwenye spana zako, na nilijua tisa kwa kumi na sita ni kubwa kuliko nusu bila kuchorewa ubaoni.

Ndani ya pikapu hiyo ulinipeleka hospitali ya Kolandoto uchungu uliponishika. Ulisimama mara mbili njiani ili utapike. Wewe, siyo mimi! Kulwa akazaliwa, ukatoka mbio kwenda kuwasimulia ndugu zako. Uliporudi ukakuta na Doto. Muuguzi akakwambia, "Baba, usitoke tena, utakuta wa tatu." Ulikaa kwenye benchi lile hadi tuliporuhusiwa.

Kwa hiyo asije mtu akasema sikuipenda pikapu yako. Niliipenda. Bomba ndilo sikulipenda.

Magari mengi ukiinama unaiona propela, ule mhimili mrefu unaozunguka kutoka giaboksi hadi kwenye difu la nyuma linalogeuza magurudumu. Iko wazi. Kitu kikiharibika unafungua boliti, unatengeneza, unaondoka. Yetu ilifungiwa ndani ya bomba nene, nyuma limeshikamana na difu kama mguu na nyonga, mbele limekaa kwenye tufe la chuma nyuma ya giaboksi. Oili ya giaboksi ilivuja ikatambaa ndani ya bomba hadi kwenye difu, kutoka hapo hadi kwenye breki. Na hata kama kilichoharibika ni sili moja ya kuzuia oili, ndogo kama bangili ya mtoto, ilibidi ekseli nzima ya nyuma ifunguliwe na kuvutwa nyuma. Kazi ya asubuhi moja ilikula wiki. Mara ngapi pamba yetu ilinyeshewa uwanjani kwa sababu gari lilikuwa limelala bila miguu ya nyuma?

Unakumbuka foleni ya kwenye jineri ya kuchambulia pamba? Mwaka ule pamba ilikuwa nyingi, tulishinda pale kutwa. Mbele yetu lilikuwapo lori kuukuu la jineri lenyewe, ukoo mmoja na pikapu yetu, pua ileile, taa zilezile. Niliinama kulitazama kwa uchovu wa kukaa tu. Nikaona propela iko wazi. Nikakuita, "Baba Kulwa, huyu si ndugu yake na yetu? Mbona yeye hana bomba? Si tungebadilisha na yetu ikawa hivi?"

Ulicheka. Madereva walikuwa wamekaa kivulini, ukasema kwa sauti ya kuwatosha wote: "Mama Kulwa, wewe nipe spana. Fikra niachie mimi."

Wakacheka na wao. Mimi nikanyamaza. Nyumbani ukanieleza taratibu kama unamweleza mtoto, kwamba aliyeiunda hakuwa mjinga, kwamba siku bomba litakapokatwa gari litakuwa limekufa, na kwamba hakitaingia kitu cha kigeni mle ndani ukiwa hai. Nikaendelea kukupa spana. Miaka mingi nilikupa spana, na fikra nilibaki nazo.

Asubuhi ile ulikuwa chini ya gari tena. Ekseli umeivuta nyuma, imekaa juu ya magogo. Mkono ukatoka uvunguni kama kawaida, nikasubiri namba. Namba haikuja.

Nilikuvuta kwa miguu. Ulikuwa umeshika kifua na uso wako una rangi ya majivu. Nikakimbilia barabarani na kanga moja, napiga kelele, huku gari letu liko nyuma yangu, limelala uwanjani na matumbo yake nje. Nilipata bajaji. Kichwa chako nilikilaza mapajani kwangu, ukaninong'oneza, "Nimeacha boliti mbili kwenye kopo." Ndiyo maneno yako, mume wangu. Siku ya tatu ukaondoka.

Daktari aliniambia muda tuliopoteza usingebadilisha kitu, moyo ulikuwa umechoka zamani. Namwamini. Sisemi bomba ndilo lililokuua. Nasema nilikimbia barabarani kutafuta gari la mtu wakati letu liko uwanjani, na hasira niliyokuwa nayo juu yako asubuhi ile sikuizika pamoja nawe. Nililia kwa hasira. Watu wakadhani ni majonzi peke yake.

Siku ya kumaliza matanga mdogo wako Mhoja alikuja kutoka Bugarama. Unamjua: tangu apate karasha zake za kusaga mawe ya dhahabu, hawezi kusema jambo bila kusimama. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo shemeji," nikamwitikia marahaba, akasimama katikati ya wazee.

"Tusidanganyane," akasema. "Gari lisilotembea ni skrepa. Nimeongea na watu wa Kahama wanaonunua vyuma chakavu, watakuja na mzani."

"Halipimwi," nikasema.

"Ni mali ya kaka, shemeji. Ni ya ukoo."

"Kaka yako siku alipolileta alisema ni letu. Mama yenu alisikia."

"Sasa mwanamke atalifanyia nini gari bovu?"

"Atalitengeneza."

Kicheko kilichopigwa pale, Baba Kulwa, kilikuwa kaka yake na kile cha jineri. Tofauti ni kwamba safari hii sikunyamaza. Nikasubiri wamalize, nikasema tena, "Atalitengeneza." Mhoja akainua kidole mbele ya watu. "Haya. Mpunga ukishavunwa, kama gari hili litafika mlangoni kwangu Bugarama kwa magurudumu yake lenyewe, sitalitaja tena mpaka naingia kaburini. Lisipofika, mzani unakuja."

"Andaa chai," nikamwambia.

Sikuwa na mpango wowote. Nakuambia wewe, sikumwambia mtu mwingine.

Doto wako alichukua likizo. Yule uliyesema kuchomelea vyuma kutamharibu macho, sasa hivi anachomelea mabodi ya malori ya mgodini, na wanaume wanapanga foleni kumsubiri. Alishuka kwenye basi na grenda, mashine ya kuchomea na koti lake la ngozi. Hakuniuliza kama nina uhakika. Aliuliza tu, "Mama, tunaanzia wapi?"

"Kwenye lori la jineri."

Lilikuwa bado lipo, nyuma ya ghala, mbuzi wanalala chini yake. Giaboksi yake ilikuwa nzima, na mkia wake umeundwa kwa propela ya wazi. Doto akapima matundu ya boliti, akapima tena, akanitazama. Yalilingana yote na ya injini yetu. Ndugu ni ndugu. Msimamizi wa ghala akakubali tumlipe kwa mpunga. Ekseli tuliipata kwa pikapu ya Kijapani iliyopinduka barabara ya Geita. Tuliipima kwa kamba, tairi hadi tairi, ikapungua kwa upana wa vidole viwili tu. Propela yake ilikuwa ndefu mno, tukaipeleka mjini Shinyanga kwa fundi wa kerezo aifupishe na kuipima mzunguko. Fundi alinitazama kuanzia kilemba hadi ndala.

"Bibi," akasema, "si ungekaa nyumbani ukalea wajukuu?"

"Wajukuu hawajambo. Propela itakuwa tayari lini?"

Ilikuwa tayari Alhamisi.

Siku ya kukata, majirani walijaa uwanjani kama kwenye ngoma. Doto aliwasha grenda akanigeukia, akanipa. "Hili ni lako, Mama." Nikavaa miwani yake. Cheche ziliruka hadi kwenye mchongoma. Bomba lilipopasuka ilimwagika oili nyeusi, miaka ya oili, ardhi ikainywa. Tukavuta propela ya zamani itoke. Na hapo mbele, mahali ambapo bushi, ile pete ya shaba inayoishikilia propela, inapaswa kukaa, hapakuwa na shaba.

Palikuwa na mti.

Kipande cha mpingo, Baba Kulwa, kimechongwa duara, kimelowa grisi hadi kikang'aa kama jiwe la mtoni. Na alama za kisu nilizijua, maana kisu hichohicho ndicho kilichochonga mwiko wangu wa ugali. Doto alikigeuza mkononi, akakigeuza tena.

"Mama," akasema, "Baba alikuwa mwongo."

Nilikaa chini, palepale kwenye oili. Nilicheka mpaka majirani wakaogopa, na katikati ya kicheko machozi yakaja, yale ya majonzi ambayo yalikuwa hayajanijia msibani. Kwa hiyo hukupata bushi. Ulitafuta Shinyanga, Mwanza na kokote kule ukakosa, ukachonga mti, ukaufunga ndani ya bomba ambako hakuna jicho la kuona, kisha ukaja mezani ukaniambia hakitaingia kitu cha kigeni. Aliyeiunda hakuwa mjinga, ndiyo, lakini na wewe ulimrekebisha. Kwa nini ulinificha? Mimi niliyekuwa nimekaa hapo nje na spana zote! Ningekuletea mpingo mwenyewe. Ningekushikia wakati unachonga.

"Hakuwa mwongo," nilimjibu Doto. "Alikuwa fundi aliyeona haya."

Sikukuchukia tena baada ya hapo. Lakini sikuacha kukata.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, na hili nalisema ili wasije wakasema tulibahatisha. Bomba lile, pamoja na ubaya wake, ndilo lililokuwa linaizuia ekseli isijipinde gari likivuta. Ukiliondoa, kazi hiyo yote inabebwa na springi. Kwa hiyo Doto aliunda vikalio vipya vya springi juu ya ekseli, akavichomea nukta nukta tu, tukaunganisha propela na mabomba ya breki, tukatoka kujaribu kuelekea mjini. Mwendo ulipokolea sakafu ikaanza kutetemeka, kisha mlango, kisha meno yangu. Wanaume waliokaa kwenye kahawa walitusindikiza kwa miluzi. Tukarudi polepole kama msafara wa maiti.

Doto alikata tamaa. Alikaa kwenye ndoo, glavu mapajani. "Kosa ni langu. Pembe ya difu siyo."

Nikainama uvunguni. Nilitazama kwa muda mrefu, Baba Kulwa. Pua ya difu ilikuwa imeelekea juu sana, krosi mbili za propela, viungo vya ncha zake, hazikukubaliana, moja inavuta huku, nyingine huku. Lakini tulikuwa tumepima! Ndipo nikakumbuka miaka yote ya pamba: gari tupu hukaa juu kama jogoo, likipakiwa linashuka. Tulipima gari tupu, tena liko juu ya magogo, magurudumu yananing'inia. Nani anakwenda safari magurudumu yananing'inia?

"Doto, ng'oa nukta zako. Lete magunia ya mpunga."

Tulipakia. Springi zikashuka zikatulia mahali pake pa kazi. Doto akalegeza, akaizungusha ekseli kidogo, kidogo tena, mimi chini natazama, namwambia bado, bado, hapo. Akachomea moja kwa moja. Tulipotoka mara ya pili, pikapu ilinyamaza kimya hata nikasikia nyanda, vijana wetu, wakichunga ng'ombe wanapigiana kelele mbugani. Fikra hiyo ni yangu. Naiandika hapa ijulikane ni yangu.

Tulikwenda Bugarama siku ya Jumamosi, magunia nyuma, Doto pembeni yangu, usukani mikononi mwangu; kuendesha nilijifunza kwa kukutazama, Doto akanimalizia. Isaka, Kahama, na kuendelea. Difu jipya lina mwendo. Kule ulikokuwa unatambaa na malori yanakupigia honi, mimi niliyapita mawili, nikawapungia madereva mkono. Vumbi la magari ya mgodini lilitufunika tukawa rangi moja na barabara. Sikusimama kutengeneza chochote. Nilisimama mara moja kununua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa sababu nilitaka michembe.

Mhoja alikuwa karashani kwake, mawe yanasagwa, hasikii kitu. Nilipiga honi mpaka akageuka. Mashine zikazimwa moja moja. Wachimbaji wakaja na vumbi lao, wakalizunguka gari, wanalishika pua kama ng'ombe wa mahari. Mhoja akatembea hadi nyuma, akainama, akakaa huko chini muda. Aliposimama magoti yake yalikuwa meupe.

"Umelikata bomba," akasema.

"Nimelikata."

"Kaka angekasirika, shemeji."

"Angekasirika, ndiyo. Akiwa amekaa mbele, dirisha wazi, anakula michembe."

Mhoja alijizuia, ikashindikana, akacheka, na kwa kicheko hicho nilikuona wewe, meno yaleyale. Lakini subiri. Akatokea mnunuzi mmoja wa dhahabu, mtu wa kofia nzuri, akauliza kama linauzwa, maana magari ya kale ya namna hii anayapenda. Na mdogo wako, aliyetaka kulipima kwa mzani, akakunja mikono kifuani akasema, "Hapana, bwana. Hili ni gari la ukoo."

"Mhoja," nikamwita mbele ya wachimbaji wake wote. "Ni gari la nani?"

Akatazama chini. Akamtazama Doto. "La shemeji," akasema.

"Sema vizuri, mashine zimezimwa."

"La Mama Kulwa."

"Wabeja," nikamshukuru kwa Kisukuma chetu. "Sasa chai iko wapi?"

Ilikuwepo, na maandazi. Tulikunywa tukazungumza habari zako mpaka vikombe vikapoa.

Sasa hivi nabeba mpunga wa wanawake wa huku kwetu kupeleka sokoni, na wagonjwa nabeba, na hakuna anayekimbia barabarani na kanga moja huku mimi nipo. Wapo wanaosema nimeharibu kumbukumbu ya marehemu. Mwingine aliniambia kanisani kwamba mjane mwema huacha vitu vya mumewe kama alivyoviacha. Nikamwuliza, na mashamba je, niyaache na magugu aliyoyaacha? Nakukumbuka nikiwa kazini, Baba Kulwa. Nikitaka kukulilia huwa naingia chini ya gari na bomba la grisi, na wakati mwingine nakutajia namba kwa sauti, bila mtu wa kunipa.

Nilikupenda na nilikuwa sahihi. Watu wanadhani mke lazima achague kimoja.

Doto amerudi kazini. Kulwa anakuja Krismasi na watoto, na mkubwa ananiandikia kwamba anataka nimfundishe gari, msichana wa miaka kumi na minane, mrefu kama wewe. Nitamfundisha. Jumatatu nina mzigo wa Kahama, Alhamisi wa Geita, na mwezi ujao nataka kuona Bukoba, ambako ulisema tutakwenda na hatukwenda.

Lala salama, mume wangu. Usinisubiri upesi.

Mkeo,
Mama Kulwa